Dirisha la Zawena

Kila alipohamia mji mwingine na kompyuta yake ya kazi, Zawena alianza kwa kutundika pazia aliloshonewa na mama yake. Kwenye vikao vya mtandaoni, wenzake walidhani nyuma yake kuna dirisha. Mama naye aliamini hivyo.

“Leo nifungulie hilo pazia, mwanangu, niuone huo mji,” mama alimwambia kwenye simu ya video.

“Kikao kinaanza sasa hivi, mama.”

“Mara moja tu.”

Zawena alishika upindo wa pazia. Nyuma ya pazia palikuwa na ukuta tu, uliobanduka rangi.

Kwenye simu, mama alikuwa ameshavaa miwani, akimwita jirani: “Mama Shufaa, njoo uone anakoishi mwanangu!”