Rangi ya Chenga

Kokwijuka alinusa sinia la kwanza, lenye rangi iliyochanganywa na mchanga wa ziwani, akalisukuma. La pili lilikuwa na makapi ya kahawa. Nalo akalinusa, akalisukuma. Alipofika kwenye la tatu, la unga uliopikwa na chenga za mchele, alizamisha mikono yote miwili.

"Haya! Tumempata," Mwalimu Evodia alisema, akapiga makofi peke yake kama mwehu.

Ilikuwa mara ya kwanza mtoto huyo kugusa kitu darasani. Tangu aletwe kwenye chekechea ile ya Rwamishenye hakuwa ametoa neno, si la Kiswahili, si la Kihaya. Mama yake alifariki Muleba, na yeye na wadogo zake wawili wakaletwa kwa bibi yao, Ma Restituta, mjane mwenye kibanja cha migomba nyuma ya shule. Wenzake walimwita Bubu, mpaka Evodia alipowatishia fimbo ambayo hakuwa nayo.

Mwenye chekechea, Mzee Ildefons, hakuwa mtu wa subira.

"Asiyesema hafundishiki," alisema. "Muhula ukiisha bado yuko kimya, mjomba wake Karugendo amchukue. Ameshaniambia ana mbuzi wa kuchungwa."

"Ana miaka mitano, mzee!"

"Mbuzi hawaulizi umri."

Evodia alitoka amekasirika. Kwenye semina moja pale mjini Bukoba aliambiwa kwamba mtoto aliyeumia moyoni huanza kusema kwa vidole: mpe rangi nzito yenye chembechembe, aivuruge, aipake, maneno yatafuata. Aliliamini hilo kama sala. Kuna watoto, alijieleza, ambao ngozi zao hazitaki mikwaruzo ya mchanga. Huyu wake anataka chenga. Basi, chenga atapewa.

Kuanzia siku hiyo alipika rangi nyumbani kwake Bilele kila jioni: unga wa muhogo, chumvi kidogo, chenga, na manjano ya kuipendezesha. Koku alikuwa akipaka kidogo tu kwenye karatasi, kwa kidole kimoja, kana kwamba anaionea huruma ile rangi. Wenzake wakishaondoka, alibaki mlangoni ameshika kopo, anaangalia masalio.

"Unataka ukapake nyumbani?" Evodia alimwuliza.

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

Akawa anamjazia. Kila asubuhi kopo lilirudi safi, halina hata doa, na mwalimu akajisifia kwa wenzake kwamba huyu atakuwa fundi, anavyotunza vyombo vyake. Siku moja alipita kwa Ma Restituta kumpa hongera. Alikuta kibanja kimefyekwa chote. Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, haukuacha hata mgomba mmoja. Bibi alimpokea uani, hakumkaribisha ndani, wala hakumtolea kahawa ya kutafuna, jambo ambalo Mhaya hamfanyii mgeni. Evodia aliona vibaya kidogo.

"Waitu mwalimu, Mungu akubariki," bibi alisema, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nakuomba, usimkatie mjukuu wangu hiyo rangi."

Evodia alirudi kifua mbele. Jamani, hata bibi kizee ameelewa faida ya sanaa!

Taabu ikawa moja: rangi ya unga hailali. Iliyoganda kwenye masinia na karatasi iliota ukungu, ikanuka, inzi wakajaa darasani. Mzee Ildefons akaingia ameziba pua.

"Uchafu huu ukome, la sivyo utaondoka nao," alisema, na hakuwa anatania.

Bila rangi, mtoto angekwenda kwenye mbuzi akiwa bubu vilevile, na shule ilikuwa inafungwa wiki hiyo hiyo. Evodia akapanda basi hadi kwa baba yake Muleba, akaomba mrututu, ile dawa ya bluu ya kupulizia kahawa. Nani kwao hajakua na mrututu chini ya kitanda cha baba yake? Kama unaua ukungu wa kahawa, utashindwa na wa unga? Tena unatoa bluu ambayo dukani huipati.

Alhamisi watoto walipiga kelele walipoiona. Evodia alimsimamia kila mmoja akinawa kwa sabuni, mpaka kwenye kucha. Kisha akajaza kopo la Koku pomoni.

"Hii ni ya kupaka tu, umesikia mama? Usilambe vidole."

Koku akaitikia kwa kichwa. Halafu akatabasamu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na Evodia akaenda kujifungia chooni alie.

Kesho yake mjomba Karugendo alikuwa ameshakaa ofisini kwa Mzee Ildefons, kofia magotini, anasubiri kukabidhiwa mtoto. Koku aliingia darasani, akapita katikati ya wenzake, akasimama mbele ya mwalimu. Midomo yake ikacheza.

"Mwalimu, naomba tena ile ya bluu."

Evodia alipiga kigelegele, tena cha harusi. Akambeba mtoto mbio hadi ofisini, machozi yanamchuruzika, hata kubisha hodi akasahau.

"Msikilizeni! Sema, mama, sema wakusikie! Huendi popote!"

Koku aliwatazama watu wazima wale mmoja baada ya mwingine. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikukwama.

"Ile ya njano wadogo zangu wakila walikuwa bado wanalia. Hii ya bluu wamekula jana na bibi, wakatapika, wakalala, hawalii tena. Mpaka sasa hivi wamelala. Haikututosha wote, mimi nikawaachia wao. Leo naomba ya kwangu."