Kompyuta Kwanza

Disketi nyingine ikakataa. Kompyuta iliguna, ikaandika mstari wake uleule wa Kiingereza kwamba mfumo wa kuiwasha haupo, kisha ikanyamaza. Nje lori lilipita, vumbi la Voi likaingia dukani, na Harith akainuka kufunga mlango.

"Uache wazi, mwanangu," akasema Bi Mwanarusi, aliyekuwa ameketi kizingitini akichambua choroko.

Harith akauacha. Shangazi huyu wa mkewe alikuwa anamchosha. Tangu Jumanne usiku Sumayya alikuwa analala kwake, eti nyumba ya Harith ina joto, na kila alipokuja dukani bibi alifuatana naye na ungo mkononi.

Talaka ilikuwa moja tu, tena ya hasira. Sumayya alimkosoa mbele ya wateja, hapo hapo dukani walipokuwa wakiwapigia watu chapa, na ulimi ukamponyoka. Mke akakaa eda humo humo nyumbani. Kwa muda wote wa eda mume ana ruhusa ya kumrejea mkewe kwa neno moja. Eda ikiisha, neno hilo halina kazi: itabidi posa upya, ndoa upya, na mke mwenyewe akubali. Harith alimjua Sumayya. Hatakubali.

Kwa hiyo alikuwa ameizungushia Ijumaa hii duara jekundu kwenye kalenda ya ukutani, miezi mitatu kamili. Jua la leo likizama, basi. Na kwa nini hakulisema mapema? Kiburi tu, hakuna jingine. Kila wiki alilitafuna neno akalimeza. Alitaka alitoe akiwa amesimama wima, asionekane anaomba.

Juzi Sumayya alimjia akamwambia, bila ugomvi wowote, "Igawe hiyo diski. Kazi zangu zikae upande wangu, zako upande wako."

Yalimchoma, lakini kazi aliijua. Kulikuwa na programu ya kugawa diski bila kufuta kitu. Jana akaanza, na katikati ya kugawa stima ikapotea mji mzima. Iliporudi, kompyuta ilikuwa gogo.

Ndani mlikuwa na jasho la Sumayya la miaka. Harith angewezaje kusema "nimekurejea" huku amemteketezea kila kitu? Akajiapiza: kompyuta kwanza, neno baadaye. Tumaini lilikuwa moja. Kabla ya kugawa, programu ilinakili ramani ya diski kwenye disketi, na disketi hiyo ilikuwa imechanganyika na nyingine ndani ya kopo la biskuti, zote hazina jina.

"Jaribu hii," akasema Sumayya, aliyekuwa kando ya meza akichagua ndani ya kopo.

Harith alinyoosha kiganja. Sumayya akaiweka juu ya meza.

Bado ana hasira, aliwaza Harith, na roho ikamuuma. Zamani walikuwa wakipokezana disketi huku wakitaniana mpaka wateja wanaguna.

"Umechoka?" akamuuliza.

"Nataka kazi zangu tu, Harith."

Zamani alimwita Baba Aliya. Akalimeza na hilo.

Disketi ilikoroma ndani ya mashine. Safari hii hapakuwa na malalamiko. Kioo kiliuliza kama irudishwe ramani ya zamani. Harith alibonyeza herufi ya kukubali, akaizima mashine, akaiwasha tena. Kioo kilibaki cheusi muda mrefu. Kisha majina yakaanza kupanda, moja baada ya jingine: mitihani ya shule za Kasigau, kadi za harusi za Mboghoni, yote mazima.

Sumayya alijifunika uso kwa viganja akalia. Harith hakuwa amemwona akilia kwa furaha tangu azaliwe Aliya. Alichungulia nje. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa ya stesheni, na Magharibi haijaadhiniwa. Alikuwa amewahi, na furaha ilimjaa. Ulimi ule uliokuwa mwepesi siku ya talaka sasa ulimgomea, ikabidi aanze mara mbili.

"Sumayya, nimekurejea," akasema. "Shangazi, umesikia. Nimemrejea mke wangu."

Ungo ukatulia. Bi Mwanarusi aliinua macho kwenye lile duara jekundu.

"Ulihesabu kwa hiyo kalenda, mwanangu?" akauliza taratibu.

Harith alimgeukia mkewe. Sumayya alikuwa amekwisha kupangusa machozi na kujitanda mtandio wake.

"Eda yangu ni ya hedhi tatu, si ya miezi, Harith," akasema. "Iliisha Jumanne."