Pua ya Simba

Simba aliyeuawa alikuwa amelazwa kwenye turubai nyuma ya kambi ya wawindaji. Sikitu, mkaguzi wa wanyamapori, akapiga magoti kumtazama. Kibali kiliruhusu simba mzee tu, wa miaka sita kwenda juu. Pua ya simba kijana huwa ya waridi. Hii ilikuwa nyeusi tii. Nyeusi mno, Sikitu aliwaza.

“Andika saba, dada,” alihimiza Kimweri, meneja wa kambi. “Mgeni aliyempiga anawahi ndege. Na zahanati yenu imejengwa kwa pesa za simba kama huyu, usisahau.”

Angesahau vipi? Kitinda mimba wake alizaliwa pale. Lakini puani mwa simba kulikuwa na harufu aliyoijua, ya viatu vya shule asubuhi. Akalowesha leso.

“Unafanya nini?”

“Namfuta vumbi.”

Alisugua mara moja tu, leso ikajaa dawa ya viatu, na chini yake pua ikaonekana ya waridi. Kimweri akanywea. Sikitu akachukua fomu, akaandika miaka mitatu.

“Na wale wa mwaka jana,” aliuliza kwa sauti ndogo, “niliowasainia mimi?”

Pale bombani mchunaji ngozi alikuwa akinawa mikono harakaharaka, na maji yaliyotiririka yalikuwa meusi.