Kitanda, Sufuria na Cherehani

Kitanda kiligoma kupita mlangoni. Kaka alikivuta kwa nje, dereva wa pikapu akakisukuma kwa ndani, na Dada Mkubwa akasimama pembeni akitoa amri.

"Kilazeni ubavu! Ubavu, jamani, si mgongo!"

Kitindamimba hakwenda kusaidia. Alikaa chumbani, kiganja chake juu ya cherehani ya Mama. Uzi ulikuwa bado kwenye sindano. Chini yake kulikuwa na sketi ya shule ya mtoto wa jirani, imeshonwa upande mmoja.

Mama alikuwa na msemo wake. Mtu anahitaji vitu vitatu aishi vizuri: kitanda cha kupumzisha mifupa, sufuria isiyovuja, na kazi ya mikono. Vingine vyote ni vya kukuchosha kufuta vumbi.

Ndiyo maana jana mgawanyo haukuchukua muda. Kaka alichagua kwanza, kama kawaida. Kaka kitanda, Dada sufuria, yeye cherehani. Hakuomba hata shuka. Cherehani ile aliijua tangu miguu yake haijafika kwenye pedeli.

Kaka akaingia akifuta jasho. "Haya, toa mkono. Na hiyo inapanda gari."

"Ipande gari iende wapi?"

"Kwangu. Wifi yako anataka kujifunza kushona."

Kitindamimba akamgeukia Dada, aliyekuwa amechuchumaa mlangoni. Ghafla Dada akawa na shughuli kubwa na mifuniko ya sufuria.

"Dada, jana si ulikuwepo? Si ulisikia?"

"Mdogo wangu, usitutie aibu. Majirani wanatazama."

"Huyo wifi hata kifungo hajui kukirudishia!"

"Na wewe una nyumba ya kuiweka?" Kaka akacheka. "Au utatembea nayo mgongoni kama konokono?"

Damu moja, ziwa moja, na bado walikuwa wamemzunguka. Walikaa wawili bila yeye, wakapanga, kisha asubuhi wakamkaribisha chai kama vile hakuna kitu.

"Mama mwenyewe angesema ni yangu."

"Mama alipo sasa hashoni," Kaka akajibu. "Alichosema daktari sote tulikisikia. Toa mkono."

Hakuutoa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kunyamaza na kuachia, lakini siku hiyo alikata uzi kwa meno, akaitupa ile sketi sakafuni, akakinyanyua kichwa cha cherehani kutoka mezani na kukikumbatia kifuani. Kilikuwa kizito kama mtoto aliyelala. Akampita Kaka kwa bega, akamruka Dada na mifuniko yake, akatoka mbio.

"Mshike huyo!" Kaka akapiga kelele.

Hakuna aliyemshika. Alifika getini akihema, huku moyo ukimwambia kwamba angalau mtoto mmoja wa nyumba ile alikuwa na haki.

Teksi ilikuwa imesimama hapo. Mlango wa nyuma ukafunguka, likatoka gongo moja, likafuata la pili, kisha taratibu akatoka Mama, amekonda, anatabasamu, utepe wa wodi bado mkononi.

Akatazama kitanda juu ya pikapu. Akatazama sufuria barazani. Akamtazama kitindamimba wake na kile alichokikumbatia.

"Jamani, wanangu," akauliza, "nani amekufa?"