Vifuniko vya Mfereji wa Katwe

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni, na tangu hapo kila neno alilotaka kusema lilitoka na damu.

"Mubbi! Mubbi!" Katwe nzima ilipaza sauti, na wasiojua Kiganda wakapiga ukelele wa mwizi kwa Kiswahili, wasije wakapitwa. Mafundi waliacha majiko na masanduku yao, wakaja na chochote walichokuwa wameshika. Wandera alikuja na nyundo.

Ni yeye aliyemwona kwanza. Mtu mzima, shati safi, ameshuka kwenye bodaboda na mtaimbo ndani ya gunia, akainama juu ya mfereji na kung'oa kifuniko cha chuma mchana kweupe. Hata tepu ya kupimia alikuwa nayo. Wezi wa siku hizi, Wandera alijiambia, wanapima kabisa kabla ya kupeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Vifuniko vile vilikuwa roho yake. Alivichomelea vyote mwenyewe, kwa chuma cha kukopa, serikali ilipojenga mfereji ili Katwe isizame tena kila mvua inyeshapo. Serikali haikukataa kumlipa. Haina tabia mbaya hivyo. Ilisema tu kwamba lazima injinia aje kutazama kazi kwanza. Injinia wa kwanza akahamishwa, wa pili akaenda kusoma, wa tatu akakaa kungoja kibali cha kutoka ofisini. Wandera akangoja nao, huku aliyemkopesha chuma akiapa kuichukua karakana mwisho wa mwezi. Na siku injinia akija akute kifuniko kimoja hakipo, kazi yote itahesabiwa mbovu, malipo hakuna. Basi Wandera akavilinda kama mama anavyomlinda mtoto mchanga.

"Natazama tu!" yule mtu alilia akiwa chini, akatema jino. "Ssebo, bwana, mimi natazama tu!"

Watu wakacheka. Mwizi gani hatazami?

Teke likamwingia mbavuni, jingine mgongoni. Mtu akaleta tairi. Hapo Sadik, jirani Mnubi anayeuza chapati, akajipenyeza katikati.

"Wandera, hasira hasara. Uliza yeye kwanza, ametoka wapi."

"Serikali nimeiuliza miaka mingapi, Sadik? Leo siulizi mtu."

Lakini Wandera hakuwa muuaji. Alilisukuma tairi kando, akasema mwizi aliyechomwa husahaulika kesho yake, ila aliyevunjwa mkono huwaonya wenzake kila siku. Watu wakaona ni maneno ya busara. Akachuchumaa karibu na ule uso uliovimba.

"Mkono gani unafanyia kazi?"

Yule mtu akauficha wa kulia kwapani. "Hapana huu! Banange, jamani, huu ndiyo kazi yangu!"

"Mmesikia? Amekiri mwenyewe!"

Wakamkamata, wakaunyosha mkono juu ya kifuniko. Nyundo ikashuka. Ikashuka tena. Chuma kililia, mfupa ukalia, na yule mtu akapiga yowe moja kisha akazimia. Wandera akapiga mara nyingine ingawa hapakuwa na haja, na akaona raha. Ilikuwa miaka tangu apige kitu kikalegea.

Ndipo Loice, mkewe, alipokuja mbio kutoka karakanani, simu mkononi.

"Baba Vera! Baba Vera, pokea! Ni watu wa ofisi!"

Wandera alijifuta damu kwenye suruali, akaipokea. Alikuwa bado anahema.

"Mzee Wandera, leo ufurahi," sauti ya mwanamke ilisema. "Injinia ametoka hapa asubuhi, anakuja kwako. Gari ya ofisi haina mafuta, nikamwambia apande boda. Akishatazama vifuniko, anasaini hapo hapo, pesa inatoka. Bado hajafika?"

Wandera aliutazama mkono uliolala juu ya kifuniko chake, vidole vimeelekea kila upande.

"Na… mtu mwingine hawezi kusaini?"

"Mwingine nani, mzee?" Mwanamke alicheka. "Benki inakubali saini yake peke yake."