Faili la Nyumba ya Bi

Kunakili rekodi za ofisini kulipofika kwenye faili la sauti ya marehemu bibi yake Zamzam, seva ikatoa onyo lile lile la jana: faili limebadilika wakati linasomwa. Zamzam akafyonya. Faili halibadiliki ila kitu kiwe kinaandika ndani yake, na hili halikuguswa tangu maziko.

"Itakuwa tumesahau maikrofoni kwa Bi, bado yarekodi," alimwambia mwenzake wa ofisini.

"Basi nenda kaizime. Mimi nitalisikiliza faili hapa."

Nyumba ilikuwa kichochoro cha pili, imefungwa tangu matanga. Zamzam alifungua mlango, na kwa mazoea akapiga hodi, maana kwa Bi hakuingiwi kimya kimya hata na wajukuu. Hakuna aliyeitikia. Akavua viatu, akapita mpaka nyumba kati, kile chumba cha ndani kabisa alikozaliwa yeye na alikooshewa Bi kabla ya kuzikwa.

Maikrofoni ilikuwa kwenye kidaka cha ukutani, vumbi limeilalia kama unga. Waya wake ulikuwa umechomolewa, ukakunjwa, ukafungwa kwa uzi wa kushonea kofia. Fundo lilikuwa la Bi mwenyewe.

Simu ikalia.

"Umeshaizima?" mwenzake akauliza.

"Haikuwa imewashwa. Hata waya umechomolewa."



"Humu ndani ya faili nimekusikia ukipiga hodi," mwenzake akasema. "Basi ni nani huyo aliyekwambia, 'Karibu mwanangu, mbona umekawia?'"