Pumzi Moja Zaidi

Mama muuza samaki alimaliza neno lake la mwisho mbele ya kamera, kwa sauti kavu ya mtu anayekariri. Mpiga kamera akamnong'oneza Orpha, "Bon, madame, tukate?"

Miaka kumi na mmoja Orpha alihariri filamu za wengine katika chumba kimoja cha Kabondo, akiwalaani waongozaji kimoyomoyo, maana "coupez" yao, ile amri ya kukata, ilikuja daima pumzi moja kabla ya wakati. Leo filamu ni yake. Akainua kiganja: ngoja.

Pale kando ya mto Tshopo, mama alidhani kazi imekwisha. Mabega yakamlegea. Akamtazama mwalimu mwenye kitambi aliyeigiza mwanawe, akachukua kichwa cha samaki, akakitoa miiba kwa vidole viwili, polepole, akamsogezea.

"Kula, papa," alimwambia, kama mama anavyombembeleza mwanawe. " Tangu asubuhi haujakula."

Mwalimu akasahau kamera. Akapokea kwa mikono miwili, kama mtoto. Hakuna aliyeyaandika hayo kwenye senario ya filamu.

"Tunarudilia toka mwanzo?" mpiga kamera akanong'ona.

"Hapana," alisema Orpha, kiganja kikiwa bado juu. "Hii hakuna mutu ataikata. Hata miye."